Masomo ya nadharia ya gitaa mtandaoni yanapokwama: dalili, vyanzo na marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa gitaa wanaofundisha nadharia ya muziki kwa njia ya mtandao, iwe kwa video zilizorekodiwa, kwa darasa la moja kwa moja, au kwa kundi la WhatsApp ambamo picha za michoro na ujumbe wa sauti hupishana mchana kutwa. Nimefundisha kwa njia zote tatu, na kwa kuwa malalamiko ya wanafunzi yalikuwa yakijirudia, nilianza kuyaandika daftarini, kila lalamiko pamoja na chanzo chake baada ya kukigundua. Daftari hilo limenionyesha jambo moja ambalo sasa nalisimamia bila kusita: pale tunaposema kwamba mwanafunzi hana kipaji, au ana sikio zito, au ni mvivu, mara nyingi kosa limo katika somo lenyewe, kwa sababu tumempa jina la kitu kabla hajakisikia wala kukishika.

Anayetafuta chanzo na aanze na vile vyepesi kabla ya vizito. Gitaa lisilotyuniwa vizuri, spika ndogo ya simu au mchoro uliosomwa juu chini huweza kuleta dalili zile zile zinazoletwa na somo lililopangwa vibaya, na ni hasara kubwa kuandika upya masomo 20 wakati kilichohitajika kilikuwa kukaza uzi mmoja.

Gitaa la mwanafunzi halilingani na la mwalimu

Mwanafunzi anafuata video, vidole vyake viko mahali panapostahili, lakini akipiga pamoja na mwalimu sauti zinagombana. Jambo la kwanza la kuchunguza ni utyunaji. Kwa kawaida nyuzi, kuanzia uzi mnene wa sita hadi uzi mwembamba wa kwanza, ni E, A, D, G, B na E. Uzi wa tano ukiwa wazi hutoa A ya hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na programu nyingi za kutyuni huchukua A ya hezi 440 kuwa kipimo cha noti zote. Mwalimu aliyezoea kupiga katika bendi huenda ameshusha nyuzi zote kwa nusu toni, yaani umbali wa freti moja (freti ni vile vyuma vinavyogawa shingo), ili kumpa mwimbaji nafuu, au amefunga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya pili, kisha akarekodi somo bila kulitaja hilo, kwa kuwa kwake ni jambo la kila siku. Mwanafunzi aliye peke yake chumbani hawezi kulijua. Dawa yake ni kutenga sekunde 20 za mwanzo wa kila somo, na si somo la kwanza tu, ili kupiga nyuzi sita moja baada ya nyingine, polepole, na kutaja kama kapo ipo. Nasema kila somo kwa sababu mtandaoni watu hufungua somo la tisa kabla ya la pili.

Wakati mwingine nyuzi zikiwa wazi zinalingana, lakini kadiri mkono unavyopanda shingoni ndivyo sauti inavyopotoka. Freti ya 12 ndiyo katikati kabisa ya urefu wa uzi, kwa hiyo mwambie mwanafunzi aguse uzi kidogo tu, bila kuukandamiza, juu ya chuma cha freti hiyo, aupige, kisha aukandamize hapo hapo na kuupiga tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa noti ile ile. Zikitofautiana, basi nyuzi zimezeeka, au daraja la gitaa halipo mahali pake, au nyuzi ziko juu mno kiasi kwamba kuzikandamiza ni kuzivuta. Hilo halitibiwi na somo lolote la nadharia. Gitaa liende kwa fundi, na wakati huo mwanafunzi afanyie mazoezi yake ndani ya freti tano za mwanzo.

Kisha kuna simu yenyewe. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa vizuri sauti nzito namna hiyo. Ukimwuliza mwanafunzi noti ya chini ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni ipi, naye akakosea kila mara ilhali noti za juu anazipata, usimpeleke kwenye mazoezi ya sikio kabla hujamwambia avae vipokea sauti vya masikioni na kusikiliza tena. Kwa somo ambalo wengi watalisikiliza kwa spika ya simu, mimi hupiga mzizi wa kodi, noti inayoipa kodi jina lake, kwenye uzi wa nne au wa tatu badala ya wa sita.

Katika darasa la moja kwa moja kuna dalili nyingine ambayo ni rahisi kuitambua ukiijua: kodi inaanza vizuri, halafu baada ya sekunde moja inafifia au kukatika, kana kwamba mwalimu ameziba nyuzi kwa kiganja. Programu za mikutano huondoa kelele kwa kutafuta sauti isiyobadilika, kama ya feni, na kodi inayoachwa ilie huchukuliwa kuwa ni kelele ya aina hiyo. Zoom ina mpangilio maalumu wa kupitisha sauti halisi kwa ajili ya wanamuziki. Uwashe kabla ya darasa, na mwanafunzi naye auwashe upande wake, kwa maana usiposikia kodi yake ikiisha hutajua kama kidole kimojawapo kilikuwa kimelegea.

“Ninaelewa somo, lakini nikishika gitaa sioni kitu”

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nibadili ufundishaji wangu. Kijana mmoja aliyekuwa akijiunga nami kila Jumamosi jioni aliweza kutaja kodi zote za ufunguo wa G kwa mpangilio: G, A maina, B maina, C, D, E maina, na ile ya saba inayojengwa juu ya F-shapu. Nilimwomba anipigie tatu ya kodi ya G, yaani noti ya tatu ukihesabu kutoka G yenyewe. Alijibu haraka kwamba ni B. Nikamwambia asiitaje, aipige. Akanyamaza. Kwenye skrini niliona mkono wake wa kushoto ukipanda na kushuka shingoni bila kutua. Nikamwuliza kama amewahi kuimba kwaya, naye akasema ameimba sauti ya tatu kanisani kwao kwa miaka minne. Basi nikapiga uzi wa tatu ukiwa wazi, nikamwambia, “Hiyo ni do. Niimbie mi.” Aliiimba papo hapo, safi kabisa. “Sasa itafute kwenye uzi huo huo.” Kidole kikapita freti ya pili, kikafika ya nne, kikatua hapo, naye akaiacha noti ilie mpaka ikaisha yenyewe.

Kijana huyo hakukosa nadharia, wala hakukosa sikio. Alikosa daraja la kuunganisha sikio lake na vidole vyake, na masomo yangu ya wakati ule hayakuwa nalo. Nilikuwa nimeanza na majina ya noti, nikaendelea na kanuni ya skeli, yaani ngazi ya noti kutoka do hadi do, nikaendelea na kanuni ya kodi, na kila hatua ilikuwa ni maneno juu ya maneno. Darasani ana kwa ana kosa hili hufichika, kwa sababu mwalimu anapoona mkono umekwama huusogeza bila hata kufikiri. Mtandaoni hakuna mkono wa kusogeza, na kasoro ya mpangilio inabaki wazi.

Ili kuthibitisha kwamba chanzo ni hicho, muulize mwanafunzi jambo moja kwa njia tatu: aitaje noti, aiimbe, kisha aipige. Anayeitaja lakini haipati gitaani amefundishwa majina matupu. Anayeipata gitaani lakini hajui jina lake yuko katika hali nzuri, kwa sababu jina ni kazi ya siku chache. Wapiga gitaa wengi wakubwa wa muziki wa dansi walijifunza hivyo hivyo, kwa kusikiliza na kutafuta. Asiyeweza kuiimba ndiye anayehitaji subira, na huyo arudishwe kwenye mazoezi ya do, mi na so kwa sauti yake mwenyewe kabla ya jambo lingine lolote.

Marekebisho yake ni kupanga kila somo kwa utaratibu wa kusikia, kuimba, kutafuta, na mwisho kabisa kutaja. Zoezi ninaloanza nalo linatumia uzi mmoja tu. Mwanafunzi apige uzi wowote ukiwa wazi, auite do, kisha apande freti ya 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12 huku akiimba re, mi, fa, so, la, ti, do. Afanye hivyo kwa uzi wa tatu, kisha kwa wa tano, kisha kwa wa kwanza. Baada ya hapo muulize: ni wapi kidole kilisogea freti moja tu badala ya mbili? Atakwambia mwenyewe kwamba ni kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Hapo ndipo jina linapokuja: hatua ya freti mbili ni toni nzima, ya freti moja ni nusu toni, na mpangilio alioupiga ndio skeli ya meja. Kanuni ambayo ningeiandika ubaoni naye akainakili bila kuielewa, sasa ameigundua kwa kidole.

Sol-fa, yaani huku kuimba kwa do, re, mi, ina nguvu kwetu kwa sababu wengi wetu tumekulia ndani yake. Mfumo huo ulianzishwa na Sarah Glover huko Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, ukaenezwa na wamisionari, na hadi leo kwaya nyingi za Tanzania na Kenya hujifunza nyimbo kwa herufi zake, d r m f s l t, zilizoandikwa kwa kalamu kwenye daftari na kutolewa nakala. Mwanafunzi anayesoma karatasi iliyoandikwa “Doh ni G” tayari anajua ufunguo ni nini. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba elimu aliyonayo ndiyo hiyo hiyo tunayoiita nadharia ya gitaa.

Ninakubali kwamba wapo walimu wanaoamini lazima kuanza na mistari mitano ya kuandikia noti, na kwa anayekwenda kufanya mitihani ya muziki wako sahihi. Kwa mpiga gitaa anayetaka kuelewa anachokipiga kanisani au katika bendi ya mtaani, ningeichelewesha, na ningechelewesha zaidi zile skeli zenye majina ya Kigiriki, ambazo nimeona zikiwekwa katika somo la nne la mtu ambaye bado hajaweza kuimba so.

Lalamiko lingine linatoka kwenye mzizi huo huo: “Mwalimu, kama C meja na A maina zina noti zile zile, tofauti yake ni nini?” Swali ni zuri, na kulijibu kwa maneno ni kupoteza muda. Mwambie apige uzi wa tano ukiwa wazi, auache ulie, na juu yake atembeze zile noti saba kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Kisha abonyeze C, freti ya tatu ya uzi ule ule wa tano, aiache ilie, na atembeze noti zile zile. Atasikia nyumbani pamehama ingawa watu ni wale wale.

Chunguza pia kama kinachomzuia ni nadharia au ni kidole. Somo la kodi za ufunguo wa C humkwamisha mwanafunzi kwenye F, kwa sababu hawezi bado kulaza kidole juu ya nyuzi sita, naye anahitimisha kwamba hakuielewa nadharia. Tenganisha mambo hayo mawili kwa kumpa kodi za noti tatu kwenye nyuzi za tatu, pili na kwanza. F ni freti 2, 1, 1. C ni freti 5, 5, 3. G ni freti 4, 3, 3. Kwa vidole vichache tu anaweza kusikia safari ya kodi ya kwanza (C), ya nne (F) na ya tano (G), ambayo ndiyo msingi wa nyimbo nyingi anazozipenda, na kile kidole cha kulaza kitakuja kwa wakati wake.

Do yangu si do yako

Dalili hii hutokea katika madarasa yenye wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, na isipogunduliwa mapema huvuruga kundi zima. Mwalimu anasema do, mwanafunzi wa Dodoma anapiga G kwa kuwa wimbo uko katika ufunguo wa G, na mwanafunzi wa Bukavu anapiga C. Wote wawili wako sahihi. Mwimbaji wa kwaya zetu anajua do inayohama: do ni noti ya nyumbani ya wimbo wowote ule. Aliyefundishwa muziki kwa Kifaransa, kama wengi nchini Kongo, Burundi na Rwanda, anajua do isiyohama: do ni C daima, re ni D, mi ni E, na uzi wa kwanza wa gitaa unaitwa mi.

Usijaribu kumshawishi mmoja wao aache lugha yake. Katika ukurasa wa kwanza wa masomo yako tangaza kwamba herufi C, D, E na nyingine ni majina ya noti zenyewe, na kwamba nafasi ndani ya ufunguo zitatajwa kwa namba 1 hadi 7, pamoja na sol-fa kwa wale walioizoea. Kisha shikilia mpango huo katika kila mchoro. Nimewahi kurekodi somo ambalo nilisema do kwa maana zote mbili ndani ya dakika tano, na maswali yaliyofuata yalinichukua wiki nzima kuyajibu.

Mkao uliokubali pale unakataa hapa

Mwanafunzi amejifunza kwamba noti ile ile iliyo oktava moja juu, kama do ya mwisho ilivyo juu ya do ya mwanzo, inapatikana kwa kuruka uzi mmoja na kusogea freti mbili. Anaanza na uzi wa sita kwenda wa nne, inakubali. Uzi wa tano kwenda wa tatu, inakubali. Uzi wa nne kwenda wa pili, inakataa, naye anadhani amesahau kanuni au sikio lake limemdanganya.

Chanzo chake ni muundo wa gitaa. Kati ya nyuzi zinazofuatana kuna nusu toni tano, isipokuwa kati ya uzi wa tatu, G, na wa pili, B, ambapo zipo nne tu. Ndiyo maana anayetyuni kwa sikio hubonyeza freti ya tano kila mahali lakini kwenye uzi wa tatu hubonyeza ya nne. Mkao wowote unaovuka mpaka huo lazima upande freti moja zaidi. Oktava kutoka uzi wa nne kwenda wa pili ni freti tatu, na vivyo hivyo kutoka wa tatu kwenda wa kwanza. Wanafunzi wengi hupewa mikao mitano au sita ya kukariri bila kuambiwa sababu hii moja, ilhali dakika tatu za kuieleza zingewaondolea kukariri kwenyewe. Iweke mapema, mara tu baada ya somo la kutyuni, kwa kuwa mkono umetoka kubonyeza freti hiyo ya nne.

Anasoma mchoro juu chini

Katika tablacha, yaani ule mchoro wa mistari sita wenye namba za freti, mstari wa juu ni uzi mwembamba. Mwanafunzi akiinamisha macho anaona uzi mnene ndio ulio juu, karibu na uso wake, na anasoma kinyume. Badala ya kumwambia akariri, mwambie alaze gitaa mapajani uso ukiangalia dari: uzi mnene unakuwa karibu na tumbo, mwembamba unakuwa mbali, sawasawa na mchoro ulivyo. Mchoro wa kodi nao umesimamishwa wima na uzi mnene uko kushoto, kwa hiyo usiweke michoro hiyo miwili katika somo moja kabla kila mmoja haujazoeleka.

Kuhusu kamera, mwalimu anayekaa uso kwa uso na mwanafunzi humwonyesha shingo iliyoelekea upande mwingine, na kamera ya mbele ya simu huweza kuugeuza upande huo tena. Kamera ikiwekwa juu ya bega la mwalimu, ikitazama chini, mwanafunzi anaona shingo kama anavyoiona ya kwake. Kitabu kizito kwenye rafu na simu iliyobanwa chini yake vinatosha.

“Unachelewa,” ilhali hachelewi

Katika darasa la moja kwa moja mwalimu anasema, “Tupige pamoja,” kisha anamrekebisha mwanafunzi kwa kuchelewa. Sauti hutumia muda kwenda na muda mwingine kurudi. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina nusu sekunde. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi inachukua robo sekunde tu, mwanafunzi anayepiga sawasawa kabisa na anachokisikia atamfikia mwalimu akiwa nyuma kwa nusu ya pigo. Vipokea sauti vya Bluetooth huongeza ucheleweshaji mwingine juu ya huo. Kumwambia mtu kama huyo akaze mwendo ni kumfundisha kutoliamini sikio lake, na ninaliona kuwa kosa kubwa kuliko yote tunayofanya katika madarasa haya.

Kuthibitisha ni rahisi: hesabu hadi nne, nyamaza, na umsikilize akipiga peke yake. Kama mwendo wake ni thabiti, tatizo ni la mtandao. Tangu hapo afuate sauti yako huku maikrofoni yake imefungwa, kisha apige peke yake nawe ukisikiliza, na zoezi la kuandamana na mwendo alirekodi nyumbani kwa metronomu, kifaa kinachohesabu mapigo, na kukutumia.

Kama mwendo wake si thabiti hata akiwa peke yake, angalia somo limemfundisha kuhesabu nini. Masomo mengi huhesabu nne tu, halafu mwanafunzi anapokutana na chakacha, ambayo huhesabiwa sita, kodi zake ni sahihi lakini wimbo unamwacha. Aweke gitaa pembeni. Ahesabu moja hadi sita, mguu ukanyage kwenye moja na nne, na makofi yapigwe kwenye moja, tatu na tano. Mguu na makofi vikikaa pamoja bila kuvutana, ndipo arudishiwe gitaa.

Kwa darasa lenye wanafunzi wa mbali, hakikisha pia kwamba wasiofika hawakupotezwa na saa. “Saa 2 usiku” ya Dar es Salaam ni saa 1 usiku kwa aliye Bukavu na saa 3 usiku kwa aliye Muscat, na yule anayeishi Ulaya huenda ameisoma kuwa ni usiku wa manane. Andika saa kwa namna zote mbili na utaje mji.

Masomo yapo mengi, wanafunzi wanapotea njiani

Hapa dalili ni kwamba wanafunzi wanaanza kwa wingi, wanatazama masomo matatu au manne, kisha hawaonekani; au wanauliza katika kundi swali ambalo limejibiwa katika video waliyo nayo. Sababu ya kwanza ni urefu. Somo la dakika 40 lenye kutyuni, skeli na kodi ndani yake haliwezi kurudiwa, kwa sababu anayetaka dakika tatu za skeli hajui zilipo, na kutafuta kunamla bando. Likate. Somo moja libebe jambo moja, na dakika sita hadi nane zinatosha. Mazoezi ya sikio hayahitaji picha kabisa: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban MB 1 kwa dakika, na mtu anaweza kuyapakua yote mara moja na kuyasikiliza ndani ya daladala.

Sababu ya pili ni majina ya mafaili. Faili lililoanza na namba 10 huweza kujipanga mbele ya lililoanza na 2 katika baadhi ya simu, kwa hiyo andika 01, 02, 03. Baada ya namba usiandike mada, andika kitendo: “05 Kutafuta mi kwenye kila uzi” humwambia mwanafunzi atakachoweza kufanya, wakati “05 Nadharia sehemu ya pili” haimwambii kitu. Mwanzoni mwa kila somo taja sharti lake kwa kitendo pia: kabla ya kusikiliza hili, uwe unaweza kupanda skeli kwenye uzi mmoja huku ukiimba. Mwenye kushindwa atajua pa kurudi bila kuona haya mbele ya wenzake.

Kazi za nyumbani zisiporudi, punguza ukubwa wake. Nilikuwa nikiomba video ya zoezi zima na kupata chache mno. Nilipoanza kuomba ujumbe wa sauti wa sekunde 30, wenye kuimba noti tatu na kuzipiga, nikitanguliza wa kwangu kama mfano, kundi likaanza kujibu. Usikosoe mbele ya wote isipokuwa mwenyewe ameridhia. Mjibu mtu kwa sauti, umpigie kile alichokosea na kile alichokusudia, kwa sababu maandishi hayawezi kumsikilizisha tofauti.

Na kwa yule ambaye ameshapotea tayari, usimwambie aanze upya. Mpe majaribio matatu. La kwanza, atyuni gitaa kwa sikio akianzia na uzi wa tano pekee. La pili, apewe noti moja na aimbe juu yake do, mi, so. La tatu, atafute C katika kila uzi chini ya freti ya 12: freti ya 8 kwenye uzi wa sita, 3 kwenye wa tano, 10 kwenye wa nne, 5 kwenye wa tatu, 1 kwenye wa pili, na 8 kwenye wa kwanza. Jaribio la kwanza analoshindwa ndilo linaloonyesha somo la kumrudisha, na aanzie hapo hata kama ameshayatazama masomo 15 yaliyo mbele yake.